Jina Walilolijua Akina Mama

Mtu aumwapo huenda kwa daktari, na daktari humtazama, humwuliza, humgusa hapa na pale, kisha hutamka jina. Jina likisha kutamkwa, mambo mengine yote hulifuata: dawa hulifuata, chakula hulifuata, hata matumaini ya jamaa za mgonjwa hulifuata. Kwa hiyo jina la ugonjwa si jambo dogo. Daktari akilikosea, dawa njema kabisa hupita kando ya ugonjwa kama mshale uliorushwa gizani. Katika insha hii nataka kusimulia habari za ugonjwa mmoja wa watoto ambao kwa miaka mingi uliitwa kwa majina yasiyo yake, na jinsi jina lake la haki lilivyokuja kupatikana vinywani mwa wanawake wa mji wa Accra.

Kwanza yafaa tumjue mgonjwa mwenyewe. Tumfikirie mtoto mmoja, wa mfano tu, ambaye mamaye amemleta katika zahanati ya mashambani. Umri wake wapata miaka miwili. Ukimwona kwa mbali waweza kudhani kuwa ni mtoto mnono, maana mashavu yamejaa na miguu imefura. Ukimkaribia waona mambo mengine. Ngozi ya miguu imekazana hata inang'aa. Nywele zake, ambazo zamani zilikuwa nyeusi za kipilipili, zimekuwa nyepesi, zimenyooka na kugeuka rangi ya kutu, na ukizivuta kidogo zang'oka naye asilie. Mapajani na matakoni pana mabaka meusi, na mabaka hayo yabambuka kama rangi ya kale ukutani, yakiacha wekundu mbichi chini yake. Mtoto hachezi wala hatazami watu. Ukimpa kijiko cha uji hugeuza uso. Ukimsogeza hunung'unika, ukimwacha hukaa kimya, na kimya hicho humtia hofu muuguzi mwenye ujuzi kuliko kilio.

Muuguzi huanza kuuliza, na maswali yake ni yale yale yaulizwayo kila mahali.

"Mama, mtoto huyu alianza kuvimba lini?"

"Mwezi uliopita, sista. Kwanza alishikwa na surua, kisha akahara siku nyingi, ndipo miguu ikaanza kuvimba."

"Anakula nini?"

"Uji wa mahindi asubuhi, na ugali kwa mboga jioni. Lakini siku hizi hataki kula kitu."

"Angali ananyonya?"

"La, nilikwisha kumwachisha. Huyu mgongoni ni mdogo wake."

Msomaji mwenye haraka atalipita jibu hili la mwisho kama neno lisilo na uzito, kwani ni nani asiyejua kwamba mtoto huachishwa ziwa apatapo mdogo wake? Naomba alihifadhi, maana tutalihitaji mbele.

Sasa daktari huyu anaitwa. Ajua kwamba kuvimba mwili ni dalili tu, na kwamba dalili moja yaweza kutokana na magonjwa mengi yasiyofanana. Huwaza kwanza juu ya moyo. Moyo uliochoka hushindwa kuisukuma damu, na maji hubaki nyuma yakashuka miguuni; lakini mtoto wa namna hiyo hutweta, na mishipa ya shingo yake hutuna. Mtoto wetu hatweti. Huwaza pili juu ya figo. Figo zilizoharibika huiachilia protini ya damu ipotee pamoja na mkojo, na jambo hili hupimwa kwa njia nyepesi: mkojo hutiwa katika kichupa cha kioo ukapashwa moto, na ikiwa una protini nyingi hugeuka mweupe kama ute wa yai uingiapo katika maji yachemkayo. Tena, uvimbe wa figo aghalabu huanza usoni, kuzunguka macho, mtoto aamkapo asubuhi. Wa mtoto wetu ulianza miguuni, na mkojo wake ukichemshwa hubaki maji safi. Huwaza tatu juu ya safura, yaani ugonjwa wa minyoo wanyonyao damu matumboni. Hapo hutazama viganja na ndani ya kope, akaona kama damu imepungua, na choo cha mtoto huwekwa chini ya hadubini kutafutwa mayai ya minyoo. Katika kizazi cha babu zetu karibu kila mtoto wa mashambani alikuwa na minyoo ya aina fulani, kwa hiyo mayai yalionekana, na daktari wengi waliridhika hapo. Waliandika "minyoo," wakatoa dawa ya minyoo, na mtoto akafa.

Wengine waliandika kaswende ya kuzaliwa nayo. Wengine hawakuandika kitu. Si kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa haujaonwa na mtu. Daktari mmoja wa Mexico aliueleza mwaka 1865. Mwaka 1906 Wajerumani wawili, Czerny na Keller, waliandika juu ya watoto waliodhurika kwa kulishwa unga wa nafaka mtupu. Mwaka 1926 Mfaransa Normet aliueleza kwa watoto wa Annam, nchi ambayo leo ni sehemu ya Vietnam. Hata hapa Kenya, mwaka 1934, jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha uchunguzi wa daktari Gillan juu ya watoto na watu wazima wa Kikuyu waliovimba miili. Kila mmoja aliona kipande chake, akakiita kwa jina alilopenda, na hakuna aliyejua kwamba mwenziwe ng'ambo ya bahari anatazama mtoto yule yule.

Aliyekuja kuviunganisha vipande hivyo alikuwa Cicely Williams. Alizaliwa Jamaika mwaka 1893, akafuzu udaktari Uingereza mwaka 1923, na mwaka 1929 akatumwa na serikali ya kikoloni katika Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Katika utumishi wa siku zile daktari wa kike alikuwa na cheo chake mbali, cha chini, na kazi aliyopewa ilikuwa ile ambayo wanaume hawakuigombea, yaani watoto wachanga na mama zao. Nadhani dharau hiyo ndiyo iliyomfaa. Wakubwa wake walikaa na homa ya manjano na malale, maradhi yaliyowatisha wafanyabiashara na askari. Yeye alikaa katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise, Accra, akiwapokea akina mama siku baada ya siku, na kila mtoto akamwandikia kadi yake: umri, chakula, ndugu zake, siku aliyoanza kuumwa, na mwisho wake.

Kadi zilipozidi alianza kuona mambo yanayorudia. Watoto hawa wote walikuwa kati ya mwaka mmoja na minne. Wadogo kuliko hao, ambao walikuwa wakinyonya, hawakuupata. Wote walikuwa wakilishwa vyakula vya mahindi yaliyochachushwa, bila ya maziwa, bila ya nyama wala samaki wa kutosha. Waliokufa aliwapasua mwenyewe, akakuta maini yao yamejaa mafuta hata yamebadilika rangi. Ndipo akafanya jambo ambalo kwa macho yetu ni jepesi mno, nalo ni kuwauliza wenyeji, watu wa kabila la Waga: Je, ninyi ugonjwa huu mwauitaje?

Wakamjibu: kwashiorkor.

Neno hilo, katika lugha ya Kiga, ni ugonjwa ampatao mtoto aliyeondolewa katika nafasi yake wakati azaliwapo wa pili. Haya ndiyo niliyomwomba msomaji ayahifadhi. Neno moja la Kiga lilitaja umri wa mgonjwa, lilitaja wakati wa kuanza ugonjwa, tena lilitaja kitu alichonyang'anywa. Vitabu vya udaktari vilikuwa havina hata moja katika hayo matatu. Mwaka 1933 Williams alichapisha habari za wagonjwa wake katika jarida la Uingereza la magonjwa ya watoto, na mwaka 1935 akaandika tena katika jarida la Lancet, safari hii akilitumia jina lenyewe la Waga.

Mtu angetaraji kwamba mambo yangekwisha hapo. Hayakwisha. Mwaka 1934 Hugh Stannus, daktari aliyeheshimiwa sana kwa elimu yake ya magonjwa ya nchi za joto, aliandika kumpinga. Alisema kwamba ugonjwa huo si mpya. Ni pelagra tu.

Lazima tumtendee haki Stannus, maana hakuwa mjinga wala hakuwa mtu asiyewahi kuiona Afrika. Kabla ya vita kuu ya kwanza alifanya kazi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na huko aliiona pelagra kwa wafungwa. Pelagra huwapata watu wanaokula mahindi na karibu mahindi pekee. Iliwaua maskini wengi wa Italia, na baadaye wa majimbo ya kusini ya Marekani, ambako Joseph Goldberger alithibitisha kwamba yatokana na chakula wala si ya kuambukizwa. Mwenye pelagra huhara, na ngozi yake huchubuka. Basi huyu hapa ni mtoto mla mahindi, mwenye kuhara, mwenye ngozi inayobambuka. Ni nani ambaye asingesema pelagra? Stannus alikuwa na wagonjwa wake kichwani, wakubwa kwa umri, na akawatazama watoto wa Accra kwa kupitia kwao. Ujuzi wa kweli ndio uliompoteza.

Williams alikuwa amekwisha kuzitaja tofauti. Ngozi ya mwenye pelagra huharibika mahali papigwapo na jua: shingoni, usoni, migongoni mwa mikono. Ya watoto wake iliharibika mapajani, matakoni na nyuma ya magoti, mahali pa giza na unyevu. Pelagra huwapata watu wa umri mbalimbali. Ugonjwa wake ulichagua miaka michache tu. Lakini yeye alikuwa mwanamke wa cheo kidogo katika koloni la mbali, na mshindani wake alikuwa bingwa. Madaktari wengi waliufuata ubingwa. Mwaka 1936 Williams alihamishwa, akapelekwa Malaya, na kwa miaka kadha watoto wa Afrika walitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Twende sasa Uganda, ambako shauri hili lilikuja kukatwa. Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akahamia baadaye katika hospitali ya Mulago, Kampala. Watoto waliovimba walikuwa tele wodini mwake. Naye, kama wengine, aliamini neno la Stannus. Mwaka 1937 aliandika juu ya pelagra ya watoto wa Kiafrika. Lakini mwaka ule ule mwanakemia wa Marekani, Conrad Elvehjem, pamoja na wenziwe, waligundua kwamba asidi ya nikotini, mojawapo ya vitamini za kundi la B, huponya mbwa wenye ugonjwa unaofanana na pelagra, na muda si mrefu ikaonekana kwamba huwaponya na watu. Mwenye pelagra akipewa dawa hiyo hupata nafuu katika siku chache.

Hapa Trowell alikuwa na kipimo kilicho wazi. Ikiwa watoto wa Mulago wana pelagra, wapewe asidi ya nikotini, nao watapona. Wakapewa. Hawakupona. Sipendi kupita hapa upesi, kwa sababu ndipo mahali ambapo tabia ya mtu hupimwa. Daktari aliyekwisha kuchapisha maoni yake ana njia nyingi za kujitetea: aweza kusema kwamba dawa ilikuwa kidogo, au kwamba mgonjwa alichelewa kuletwa. Trowell hakushika njia hizo. Mwaka 1945, yeye pamoja na E. M. K. Muwazi, daktari Mwafrika wa Uganda, waliandika upya juu ya wagonjwa wao, wakaiacha pelagra, wakasema kwamba huu ni upungufu wa chakula wa namna ya peke yake, tena uuao. Mwaka 1954 Trowell na wenziwe wawili, Davies na Dean, walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huu. Jina waliloliweka juu ya jalada lilikuwa moja tu: Kwashiorkor. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita tangu swali la Accra.

Davies huyo alikuwa mtaalamu wa kupasua maiti na kueleza sababu za kifo. Mwaka 1948 alionyesha kwamba pamoja na ini lililojaa mafuta, kongosho la watoto hao lilikuwa limesinyaa. Kongosho ndilo litoalo maji ya kusagia chakula tumboni. Kumbe mtoto mwenye njaa ya protini hupoteza pia kile chombo ambacho kwacho angeweza kuitumia protini akipewa. Hapo ilieleweka kwa nini anahara, na kwa nini sahani ya nyama iliyowekwa ghafla mbele yake haimsaidii.

Jambo jingine lililojulikana Uganda lanipendeza zaidi mimi, kwa kuwa lahusu lugha. Baganda nao walikuwa na jina: obwosi. Walisema kwamba mama apatapo mimba kabla mtoto hajakua, mimba humdhuru yule anyonyaye. Wala hatuna haja ya kwenda Buganda. Waswahili wa pwani wana neno lao wenyewe, kubemenda, na mtoto aliyedhoofika kwa sababu mamaye amechukua mimba mapema husemwa kuwa amebemendwa. Accra, Kampala na Lamu ziko mbali mbali; watu wake hawakukaa baraza moja wakashauriana. Hata hivyo wote waliutia ugonjwa mahali pamoja, yaani penye nafasi kati ya mtoto na mdogo wake. Katika swali la wakati, akina mama walikuwa sahihi, na wataalamu waliojadiliana juu ya mahindi hawakuwa.

Katika swali la sababu, akina mama hawakuwa sahihi, na kosa hilo liligharimu maisha. Maziwa ya mama mwenye mimba hayana sumu. Lakini kwa kuwa yalidhaniwa kuwa na sumu, mtoto aliachishwa ziwa siku moja, bila ya kuzoezwa chakula kingine, na chakula alichokabidhiwa kilikuwa uji au ndizi zilizopondwa. Katika Buganda palikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto aliyeachishwa akakae na bibi yake au jamaa mwingine. Mfaransa Marcelle Geber, aliyefanya kazi pamoja na Dean huko Kampala katika miaka ya 1950, aliwachunguza watoto hao, akaeleza habari za huzuni yao: kwa siku moja mtoto amepoteza ziwa, mgongo wa mama, na kitanda alichokizoea. Mwenye huzuni hali, na asiyekula huzidi kudhoofika. Ndiyo sababu wauguzi wa wodi za watoto walijifunza kungoja tabasamu. Uzito wa mtoto huyu hauaminiki siku za mwanzo, kwa maana maji yakitoka mwilini uzito hupungua ingawa yeye anapona. Lakini mtoto aliyetabasamu, aghalabu amevuka.

Mashirika makubwa yalichelewa, lakini yalifika. Mwaka 1950 Brock na Autret walitumwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo wazunguke nchi nyingi za Afrika, na ripoti yao ya mwaka 1952 ilisema kwamba unyafuzi, kama Kiswahili kiuitavyo ugonjwa huu, umeenea kuliko ilivyodhaniwa, nao ni wa hatari kuliko upungufu mwingine wa chakula uliojulikana wakati ule. Tangu hapo neno lililokuwa katika kila kinywa ni protini. Magunia ya maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta yalisafirishwa hata vijiji vya mbali. Yaliokoa watoto wengi, lakini maziwa ya msaada yana siku yake ya kwisha, na mama arudipo nyumbani hukuta chungu kile kile. Kwa sababu hiyo palianzishwa Mulago, mwaka 1965, mahali paitwapo Mwanamugimu, ambapo mama hakai kando akitazama mtoto wake akitibiwa. Hupika mwenyewe, kwa vyakula vya shambani mwake, akajifunza kuchanganya maharagwe na karanga na ndizi, na kwa macho yake huona miguu ya mtoto ikinywea wiki kwa wiki.

Habari hii ingekuwa nyepesi kusimulia kama ingekoma hapa, lakini ugonjwa haukubali kukomea mahali panapotupendeza. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba dunia imetia mkazo mno katika protini, ikasahau kwamba watoto wengi wana njaa ya chakula chote. Tena palikuwa na swali lililowasumbua wauguzi tangu zamani. Katika nyumba moja, watoto wawili hula chungu kimoja. Mmoja huvimba, mwingine havimbi. Kwa nini? Watafiti walikwenda Malawi wakafuatia jozi 317 za mapacha, na mwaka 2013 wakatangaza waliyoyaona: ilikuwa kawaida pacha mmoja kuugua na mwenziwe kubaki salama, na vijidudu viishivyo matumboni mwa wagonjwa vilikuwa tofauti na vya wenzao. Chakula kibaya ni sehemu ya sababu, na maambukizo kama surua na kuhara ni sehemu nyingine, na hali ya matumbo nayo ina sehemu yake. Jinsi sehemu hizo zinavyoungana, wataalamu hawajakubaliana mpaka leo. Msomaji atakumbuka pia kwamba mtoto wetu wa mfano alianza kwa surua.

Matibabu yamebadilika kwa kadiri hiyo. Zamani mtoto aliyevimba alishindiliwa chakula chenye nguvu tangu siku ya kwanza, na wengine walikufa katika siku zile zile, wakiwa mikononi mwa watu waliowatakia mema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulifundisha kwenda pole pole. Kwanza mtoto hutiwa joto na kupewa sukari, kwa kuwa mwili wake hupoa upesi na sukari ya damu hushuka. Hupewa dawa za kuua vijidudu hata kama hana homa, maana mwili uliochoka hauna nguvu ya kufanya homa. Maziwa ya kwanza huwa mepesi, yenye protini kidogo, nayo hunyweshwa kidogo kidogo usiku na mchana. Ni baada ya hamu ya kula kurudi ndipo apewapo maziwa mazito, au ile lishe ya karanga iliyopondwa pamoja na maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini, ambayo mama aweza kuichukua nyumbani bila ya kuipika.

Na Williams mwenyewe? Huko Malaya alikuta balaa la namna nyingine. Watoto wachanga walikuwa wakiachishwa ziwa la mama makusudi, wakapewa maziwa ya kopo yaliyotiwa sukari, ambayo wachuuzi waliyasifu kuwa yawafaa. Mwaka 1939 alihutubia mkutano wa watu wakubwa wa Singapore, akaipa hotuba yake jina ambalo kwa Kiswahili ni "Maziwa na Mauaji," akasema kwamba vifo vya watoto hao vihesabiwe kuwa mauaji. Vita vilipofika alifungwa na Wajapani, mwaka 1942 hadi 1945. Mwaka 1948 alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 1992, akiwa na miaka 98.

Unyafuzi haujatoweka. Huonekana katika miaka ya ukame, katika kambi za wakimbizi, na mara nyingine katika nyumba ambayo jirani zake hawakudhani kuwa ina njaa. Lakini kuutambua hakuhitaji tena bingwa wala maabara, na mtu wa kujitolea wa afya kijijini aweza kufunzwa jinsi ya kuutambua. Huwa na utepe wenye rangi tatu, ambao huuzungusha katika mkono wa mtoto, nusu ya njia kati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni cha hatari, na hapo ndipo utepe ulipo mwekundu. Lakini utepe haumtambui kila mtoto, kwa sababu mtoto aliyejaa maji aweza kuwa na mkono mnene. Kwa hiyo mpimaji huinama, akabonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya mguu wa mtoto kwa muda wa sekunde 3, kisha akaondoa kidole akatazama. Nyama yenye afya hurudi mara moja. Iliyojaa maji hubaki na kishimo. Hufanya vivyo hivyo katika mguu wa pili, kwa kuwa uvimbe wa mguu mmoja waweza kuwa wa kidonda au wa kuteguka. Mtoto mwenye kishimo katika miguu yote miwili hupelekwa kutibiwa siku ile ile, hata kama utepe umesimama penye rangi ya kijani.